Msongo wa mawazo: Jinsi mwili unavyoitikia shida za kila siku

KILA Januari, mzazi aliyemaliza akiba yake msimu wa Krismasi hudaiwa karo, sare na kodi ya nyumba kwa mpigo. Usiku hapati hata lepe la usingizi, tumbo linamsokota, na asubuhi humfokea utingo wa matatu kwa sababu ya chenji ya shilingi kumi. Majirani husema ana mawazo. Wamesema kweli, ila mawazo hayo hayakai kichwani pekee.

Mnamo 1936, Hans Selye, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, alieleza kwamba panya waliotiwa taabu tofauti, mathalan baridi kali au kazi ya kupita kiasi, walidhurika mwilini kwa namna moja. Hapo ndipo utafiti wa msongo uliposhika kasi.

Ubongo unapohisi hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu, nalo tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Mpango huu humfaa sana anayekimbizwa na nyati, kwani nyati akishapita, mwili hutulia. Karo haipiti kwa dakika tano. Humwandama mtu muhula mzima. Mwili unaokaa macho kiasi hicho hatimaye huchoka, shinikizo la damu likapanda na kinga ya maradhi ikadhoofika.

Wengi hukimbilia chupa. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humgutusha usiku wa manane, na kesho yake deni liko palepale. Chai nayo si salama sana jioni: takriban nusu ya kafeini iliyonywewa saa kumi na mbili yaweza kuwa ingali mwilini saa tano usiku.

Kutembea kwa miguu nusu saa, au kupumua polepole huku pumzi ikitolewa kwa muda mrefu kuliko inavyoingizwa, husaidia kuutuliza mwili. Lakini kupumua hakulipi karo. Anayemwendea mwalimu mkuu mapema kuomba kulipa kwa awamu hupungukiwa na mzigo kuliko anayesubiri mwanawe afukuzwe.

Huzuni au kukosa usingizi kukizidi majuma mawili, yafaa kumwona daktari. Si lazima iwe Mathari, jina ambalo bado huwatisha wengi; zahanati ya karibu yaweza kuwa mwanzo.