Mwalimu Msaidizi, Kiungo cha Elimu Maalumu

Kakesio ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Wakazi wengi ni wafugaji, na watoto wengi huanza shule wakizungumza Kimaasai. Kwa mtoto mwenye ulemavu, ugeni wa Kiswahili darasani huwa mzigo wa pili. Hapo ndipo umuhimu wa mwalimu msaidizi unapoonekana.

Msaidizi hufanya kazi chini ya uongozi wa mwalimu wa darasa. Humwelekeza asiyeona kupapasa nukta nundu, hufafanua somo kwa lugha ya alama kwa kiziwi, na humzoeza mwenye ulemavu wa akili kunawa, kuvaa na kula. Anayefahamu pia lugha ya nyumbani humwezesha mzazi kueleza tabia na mahitaji ya mwanawe.

Hata hivyo, kazi hii haipimwi kwa wingi wa huduma, bali kwa yale ambayo mtoto ameweza kuyafanya peke yake. Kumshikia kalamu kila siku ni kumchelewesha.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyo kupata elimu sawa na wenzake, na Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini msaidizi hawezi kumfundisha mtoto aliyefichwa nyumbani. Mzazi anahimizwa kumwandikisha mapema na kuueleza uongozi wa shule hali yake bila kuona haya.