Mkono wa Kushoto wa Mugwe: Namna Chuo Kikuu Kinavyosoma Dini na Maadili

Elimu ya dini katika chuo kikuu ina matawi mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Tawi la kwanza ni teolojia, yaani elimu inayoanzia ndani ya imani fulani na kuuliza wafuasi wake wanapaswa kuamini nini na kwa sababu gani; tawi la pili ni taaluma ya dini za ulimwengu, ambayo huzitazama dini zote, ya mwanafunzi mwenyewe ikiwemo, kama mambo yanayosimuliwa, kutendwa na kuaminiwa na binadamu. Taaluma hii ya pili humtaka mwanafunzi aieleze dini ya mwenzake kwa namna ambayo mwenye dini akisikia atakiri kwamba ndiyo yake. Juu ya matawi hayo hukaa somo la maadili ya kidini, ambalo huchunguza jinsi imani inavyowaambia watu lililo jema na lililo baya, kisha huuliza kama mwongozo huo unastahili kufuatwa. Kwa kuwa shule za sekondari za Kenya hufundisha elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu kila moja kivyake, wanafunzi wengi hukutana na dini ya jirani kama somo lenye uzito sawa na la kwao kwa mara ya kwanza wanapofika chuo kikuu.

Kwa mwanafunzi wa Meru au Embu, jirani huyo huenda akawa babu yake mwenyewe. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, unaoitwa Kirimaara na Wameru na Kirinyaga na Waembu, ilikuwa mahali pa sala kabla ya misheni yoyote kujengwa, na wazee walimwomba Murungu au Ngai wakiwa wameuelekea mlima huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika wamisionari wa Konsolata na Wamethodisti huko Meru, Waanglikana wakaingia Embu, na Wapresbiteri wa Uskoti wakaanzisha kituo cha Chogoria mwaka 1922, hata madhehebu yakagawana miteremko hiyo kana kwamba yamewekewa mipaka. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2006, ni tunda la historia hiyo. Huko Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kimejengwa jirani na makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru.

Kanuni ya kwanza ya taaluma ya dini ni kuahirisha hukumu, kanuni ambayo wataalamu wa fenomenolojia, yaani elimu ya kueleza mambo kama yanavyomdhihirikia mhusika, huiona kuwa mlango wa kazi yote. Uzito wake unaonekana katika utafiti wa Bernardo Bernardi, mmisionari wa Konsolata na mwanaanthropolojia kutoka Italia, aliyeandika juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru aliyebariki watu, mazao na vijana wa rika, na ambaye hakwenda vitani mwenyewe. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyakusanya, huko Imenti, sehemu mojawapo ya Meru, nguvu ya Mugwe ilikaa katika mkono wake wa kushoto, uliofunikwa kwa vazi nyakati zote, na iliaminika kwamba mtu akiutazama angekufa.

Msomaji aliyelelewa pwani, ambako mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na kusalimia na wa kushoto una shughuli zake za faragha, atashawishika kuona uchafu au uchawi katika habari hiyo. Mkristo naye, aliyezoea kusikia kwamba wateule huketi mkono wa kuume, anaweza kufikia uamuzi uleule kwa njia nyingine. Wote wawili watakuwa wamekosea, kwa maana mkono huo ulifichwa kwa utakatifu wake wala si kwa aibu. Mwaka 1960 Rodney Needham, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliandika makala nzima kuhusu mkono huo, akijaribu kueleza kwa nini upande ambao jamii nyingi huudharau umepewa hapa heshima ya juu kabisa. Mwanafunzi anayejifunza kuuliza swali hilo kabla ya kutoa jibu ameshapata nusu ya elimu yake.

Kanuni ya pili ni kulinganisha kwa uangalifu. Masimulizi ya asili ya Wameru husema kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambako waliteswa na watu wa nguo nyekundu walioitwa Nguo Ntune, mpaka kiongozi wao Koomenjwe alipowavusha baada ya maji kugawanyika. Wapo wanahistoria wanaoiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Msikilizaji yeyote aliyesoma Biblia au Kurani atamkumbuka Musa, na hapo hoja tatu hushindana: kwamba simulizi lilipambwa kwa maneno ya wamisionari, kwamba lilichota kitu kutoka kwa Waislamu wa pwani zamani za kale, au kwamba watu waliokombolewa husimulia wokovu kwa picha zinazofanana popote walipo. Historia simulizi, yaani ushahidi unaohifadhiwa kwa kusimuliwa, haimruhusu mtafiti kuchagua hoja kwa sababu tu inapendeza. Anapaswa kulinganisha wasimulizi wa Igembe, Tigania na Imenti, na kuuliza nani alisimulia, lini na kwa nani.

Katika kulinganisha huko, wasomi wa Afrika Mashariki wamesahihishana bila kuoneana haya. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari, na muda mfupi baadaye Okot p'Bitek wa Uganda akawalaumu wasomi wa namna hiyo kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Jesse Mugambi, mzaliwa wa Embu na profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliendeleza mjadala kwa kuitaka teolojia ya Afrika itoke kwenye wimbo wa ukombozi pekee na kushika kazi ya kujenga upya jamii.

Hata hivyo, hukumu iliyoahirishwa haikufutwa, na hapo ndipo maadili ya kidini yanapoanza kazi. Mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari na kwa kuungwa mkono na maofisa wa kikoloni, Njuri Ncheke walipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wengi walikaidi, wakanunua nyembe na kukeketana wenyewe, hata wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kwamba katika miaka 3 iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wake kwa waume, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Maadili elezi, yanayosema watu waliamini nini, yatamwambia mwanafunzi kwamba msichana wa wakati ule aliuona wembe kuwa mlango wa utu uzima na heshima, na kwamba amri ilitoka kwa wanaume ambao hawakumwuliza. Maadili elekezi, yanayouliza lipi ni haki, yatamwambia kwamba maumivu na madhara yale ni halisi, na kwamba kuyaeleza kwa heshima hakuyageuzi kuwa mema.

Mambo hayo mawili yalikutana mwaka 1996 huko Gatunga, Tharaka, ambapo familia kadhaa, zikishirikiana na shirika la Maendeleo ya Wanawake, ziliwapitisha binti zao katika Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani na kupewa mafundisho, kisha wakapokewa kwa sherehe na zawadi, na hakuna aliyekatwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji iliyopitishwa Nairobi mwaka 2011 ina nguvu ya dola, lakini waliobuni njia ya Tharaka walikuwa wametambua jambo ambalo amri ya 1956 haikulitambua: kwamba ndani ya desturi mbaya mlikuwa na hitaji jema, na kwamba hitaji hilo halimalizwi na faini. Utambuzi wa aina hiyo ndio matunda yanayotarajiwa kwa mwalimu, mchungaji, hakimu au muuguzi aliyesomea dini.

Kitabu cha Bernardi kinabeba somo hilo kwenye jalada lake. Kilipotoka mwaka 1959 jina lake lilimwita Mugwe nabii anayedhoofika, kwani mamlaka yake yalikuwa yakififia mbele ya misheni na serikali. Kilipochapishwa tena Nairobi mwaka 1989, jina lilimwita nabii wa baraka. Jina la kwanza lilimpima Mugwe kwa nguvu alizokuwa akipoteza, na la pili likamtaja kwa kazi aliyokuwa akiwafanyia watu wake. Ilichukua miaka 30 kulibadili neno moja, na miaka hiyo haikupotea bure, maana ndivyo watu wanavyofika mahali pa kusema juu ya imani ya jirani neno ambalo jirani mwenyewe angelikubali.