SIMU YA KALE HAIFI UPESI

Wazee wetu walisema ya kale ni dhahabu. Ama kwa hizi simu ndogo za vitufe, ambazo vijana wameziita kwa mzaha "mulika mwizi" kwa ajili ya tochi yake, wengi wetu tumeacha kuiamini kauli hiyo. Ikizima mara moja tu huhukumiwa kuwa imekufa, ikatiwa sandukuni na nyingine ikanunuliwa.

Katika mtaa wetu wa Kibokoni, hapa Mombasa, yuko mama mmoja mtu mzima ambaye mwanawe yuko kazini Maskati. Ada ya kijana huyo ni kumpigia mamake kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa mbili zilipita kimya. Mama hakula vizuri wala hakulala. Mara aseme mwana amepatwa na jambo, mara aseme amemsahau. Aliipeleka simu kwa fundi, naye akamwambia pasi na kuifungua kuwa imekwisha umri, anunue nyingine. Wajukuu nao wakashangilia, wakitaka anunuliwe ya kioo.

"Mwanangu," aliniambia, "macho yangu hayaoni tena, lakini kidole gumba changu kinaijua simu hii. Na tochi yake ndiyo inishushayo ngazi alfajiri. Hiyo ya kioo nitaifanya nini?"

Nikaichukua, nikaitazama. Betri ilikuwa imejaa na mtandao ulikuwepo. Kwenye orodha ya simu zilizokosa kupokewa nilikuta saba, zote kutoka Omani! Kumbe mtu alikuwa amekibonyeza kwa muda kitufe chenye alama ya reli, kile kilicho chini upande wa kulia, na katika simu nyingi za aina hiyo kitufe hicho ndicho kinyamazishacho mlio. Nilikibonyeza tena vivyo hivyo, mlio ukarudi. Nikampigia mwana, nikampa mama simu, nikatoka nje, kwani maneno ya mama na mwanawe si ya kusikilizwa na jirani.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa hukumu, fanya uchunguzi. Nami nitakueleza kwa mpango niujuao.

Kwanza ni mlio, kama ulivyosikia. Ikiwa simu inaita lakini sauti ya msemaji haisikiki, angalia vile vitundu vya pahala pa sikio. Aghalabu huzibwa na vumbi na jasho. Safisha kwa mswaki mkavu ulio laini, wala usitie sindano, maana utatoboa kilicho ndani.

Pili ni betri. Itoe, uilaze juu ya meza iliyo sawa, kisha uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, basi imevimba, nayo haifai tena. Usiitoboe wala usiiponde, kwa sababu yaweza kuwaka moto. Ikiwa haikuvimba, tazama vile vyuma vidogo vinavyogusana na betri. Sisi watu wa pwani tunaishi na upepo wa chumvi, na chumvi hula chuma, ukaota ukungu wa kijani. Panguza kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo, ngoja ikauke, kisha urudishe. Na simu iliyokaa miezi bila chaji yaweza isionyeshe dalili yoyote kwa dakika nyingi. Iache kwenye umeme nusu saa, tena ujaribu na chaja nyingine, ndipo useme.

Tatu ni laini. Ikiwa simu inadai haina laini, itoe, panguza ile sehemu ya rangi ya dhahabu, uirudishe. Ikikataa, itie katika simu ya mwenzio. Ikifanya kazi huko, ugonjwa uko kwenye simu, na ikikataa huko pia, ugonjwa uko kwenye laini. Ama nambari ya siri ya laini, usiikisie. Ukikosea mara tatu itajifunga na kudai nambari ya PUK yenye tarakimu nane. Hiyo nayo ukiikosea mara kumi, laini imekufa kabisa.

Nne ni ujumbe kutoingia. Simu hizi zina ghala dogo, na likijaa barua mpya hubaki mlangoni. Futa za zamani. Lakini zile ulizozipenda, hasa za marehemu, zinakili kwanza kwa kalamu daftarini, kwani zikifutwa hazirudi.

Tano ni maji. Simu ikitumbukia, usiiwashe ukajaribu. Toa betri mara moja. Watu huifukia katika mchele, lakini mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani, na unga wake huingia vitunduni. Ikiwa ni maji ya bahari, usingoje ikauke. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuiosha, kwani chumvi haisubiri.

Sita ni mtandao kukataa. Usiku wa Septemba 30, 2012, simu bandia zilizimwa humu nchini, kwa hivyo ukirithi ya zamani iliyokuwa imelala, bonyeza *#06# uone tarakimu zake 15. Isiyo na nambari halali haitapata mtandao hata ukiitengeneza vipi. Tena usimpelekee jamaa aliyeko ng'ambo bila kuuliza. Singapore waliuzima mtandao wa aina hii ya kale mwaka 2017, na Marekani kampuni moja kubwa iliuzima mwaka huo huo.

La mwisho ni amana. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha. Fahamu kuwa fedha zako zimefungamana na laini, si na kile chombo. Simu ikivunjika, fedha zipo. Basi unapoenda kwa fundi, toa laini ubaki nayo mkononi, na nambari yako ya siri usimpe yeyote, awe fundi au mjukuu.

Yule mama bado anayo simu yake. Ijumaa iliyopita niliisikia ikilia kutoka barazani kwangu, nami nikaona nimalizie kwa ubeti huu:

Kitu kikongwe kitunze, usikitupe haraka,
Dosari zake zianze, kutafutwa kwa hakika,
Na mama usimponze, simuye ikakatika,
Kipya leo kitachoka, kesho nacho ni cha kale.