Namna ya kusoma jenomi ya mikrobi ya kolera

Kila mara kolera inapoingia Kisangani, maneno ya namna mbili yanasikika kandokando ya mto. Wengine wanasema: «Ugonjwa huu unazaliwa ndani ya maji yetu.» Wengine wanatafuta mchawi, na upesi wanamtaja jirani, au mgeni aliyeshuka katika mtumbwi. Katekista anaulizwa, na inafaa ajibu kwa kweli. Kwa sababu hiyo tunataka kueleza hapa mambo waliyoyaona wataalamu walioichunguza mikrobi hiyo mpaka ndani kabisa.

Jina lake ni Vibrio cholerae. Ni kiumbe kidogo sana, chenye umbo la koma, kinachoweza kukaa katika maji ya mito, maziwa na pwani. Kama viumbe vyote vyenye uzima, kina maagizo yaliyoandikwa ndani ya mwili wake, katika uzi mwembamba uitwao ADN. Maandiko hayo yana herufi 4 tu: A, C, G na T. Yote pamoja yanaitwa jenomi.

Yanasomwaje? Choo cha mgonjwa kinapelekwa laboratwari, mikrobi inaoteshwa, ADN yake inatolewa na kukatwa vipande vingi. Mashini inasoma herufi za kila kipande. Kisha ordinateri inaunganisha vipande, kama mtu aliyeokota kitabu kilichopasuka anavyopanga karatasi zake kwa kufwata maneno.

Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walitangaza jenomi nzima ya mikrobi hii: herufi karibu milioni 4. Zimegawanyika katika kromozomi 2, hali mikrobi nyingine nyingi zina 1 tu. Tena, maagizo ya kutengeneza sumu inayomaliza maji ya mwili si ya asili yake. Waldor na Mekalanos walikwisha kuonyesha mwaka 1996 kwamba yanaletwa na virusi vinavyoingia ndani ya mikrobi. Ndiyo maana vibrio nyingi za majini hazina sumu hiyo wala hazileti kolera.

Mikrobi inapozaa, inanakili maandiko yake, na mara moja moja herufi inakosewa. Kosa hilo linarithiwa na wazao wake. Basi, kwa kulinganisha makosa hayo, wataalamu wanajua ni mikrobi zipi zilizo ndugu, sawasawa na mzee anayepanga ukoo. Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Institut Pasteur ya Paris na wenzake walilinganisha jenomi zaidi ya 1,000, zikiwamo zile za kutoka inchi 45 za Afrika. Waliona kwamba kolera iliyoenea Afrika tangu mwaka 1970 ni ya ukoo mmoja, ulioletwa kutoka ng'ambo mara 11 au zaidi. Mara 5 za mwisho ulitoka Asia, na mikrobi zake zilikuwa zimekwisha kuzoea dawa nyingi.

Kwa hiyo mto wetu haukuizaa kolera hii. Watu wameibeba katika safari zao, na maji machafu yameipokea. Mwaka 2011 ilianza Kisangani mwezi wa tatu, ikashuka na mto mpaka Kinshasa, safari ya kilometa karibu 1,700, ikafika na Brazzaville. Mwaka 2025 jimbo la Tshopo lilipatwa tena.

Je, tumlaumu msafiri? Hapana. Wengi wanaoibeba hawaugui, wala hawajui wanacho nini tumboni. Anayemshitaki jirani yake anamtesa bure, na kisima kinabaki kichafu.

Tuwafundishe watu kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia klori, kuchimba vyoo mbali na visima, kunawa mikono kwa sabuni, hasa wakati wa matanga, maana hapo watu wengi wanakula pamoja. Wasinunue vidonge ovyo sokoni, kwa kuwa mikrobi imezoea vingi. Mwenye kuharisha anyweshwe mara moja: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akipelekwa hospitali bila kukawia. Mgonjwa wa kolera anaweza kufa kwa saa chache. Akipata maji na chumvi mapema, karibu kila mara anapona.