Mboloko, nyavu na kamba ya chuma: kuwinda bila kumaliza pori



Kila mara tunapita mu vijiji vya barabara ya Mambasa na Epulu juu ya kazi ya mpunga na maharagi, mazungumuzo yanaishia kwa nyama ya pori. Wengine wanatulalamikia kama mboloko anamaliza maharagi mbele hayajatoa ua. Wengine wanasema kama zamani mutu alipata mboloko nyuma ya nyumba, lakini leo anatembea siku mbili na anarudia mikono mitupu. Malalamiko yote mbili ni ya kweli, na mara mingi yanatoka mu kinywa cha mutu mumoja. Njo maana mara hii hatuandike juu ya mbegu. Tunaandika juu ya uwindaji, sababu shamba na pori viko jirani, na kosa la upande moja linalipwa upande ingine.

Mboloko ni nyama wa namna gani?

Mboloko mukubwa ana kilo 4 mpaka 6 tu. Anakula matunda yenye kuanguka chini, zaidi ile yenye nyani na ndege wanaangusha, pamoja na majani na maua. Dume na jike wanakaa pamoja mu eneo moja dogo, hektari chache tu, na hawatoke mbali nayo. Jike anabeba mimba karibu miezi 7 na anazaa mutoto mumoja. Linganisha na sungura wa kufuga: siku 31 hivi za mimba, na watoto wanne, watano ao zaidi kwa mara moja.

Ukiua dume na jike wa pahali pamoja, ile eneo inabakia tupu mpaka vijana watoke pahali pengine kuja kuingia. Kama pande zote ziko na mitego, hakuna kwenye vijana watatoka. Pori linaonekana kijani sawa siku zote, lakini ndani hakuna kitu.

Ufundi wa kuchagua

Mwindaji fundi anajua kumuita mboloko. Anabana pua na kutoa sauti ya kulia, na mboloko anatoka mu majani kuja kutazama. Pale mwindaji anamuona kwa macho: ni dume, ni jike mwenye tumbo, ao ni mutoto? Anaweza kurusha mushale, na anaweza kuacha. Wazee wengi wanasema kama kujua kuacha njo kunaonyesha fundi.

Hata mbwa wa Ituri, wale wasiobweka, wanafungwa kengele ya muti shingoni kusudi mwindaji ajue kila saa wako wapi. Uwindaji wa zamani ulikuwa na masikio na macho. Mutego hauna macho. Unakamata chenye kinapita.

Sheria ya nyavu

Jirani zetu Wambuti wanawinda kwa nyavu zenye wanasuka na nyuzi za kusa, ule mumea wa kutambaa wenye wote tunajua. Wavu mumoja unaweza kupita mita 50, na kimo chake ni kama mita moja. Familia kumi hivi zinaunganisha nyavu zao mu nusu-duara. Wanaume wanasimama kwa nyavu, wanamuke na watoto wanapita upande ingine wanapiga kelele na kutikisa majani, nyama wanakimbilia mu nyavu. Mwenye wavu njo mwenye nyama, lakini wenye walisaidia wanapata sehemu yao, na nyama inafika mu kila chungu cha kambi. Sehemu ingine inaenda kwa wakulima, na wakulima wanatoa muhogo, ndizi na chumvi. Iko pia nyama wenye wazazi wa mutoto mudogo hawakule. Wambuti wanawaita kuweri. Kwa hiyo si kila nyama ni ya kila mutu kila siku.

Mu mwaka 1961, Colin Turnbull, mutu wa Uingereza mwenye aliishi na Wambuti karibu na Epulu, alitoa kitabu The Forest People. Mule anaeleza juu ya mwindaji mumoja mwenye aliweka wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenzake, kusudi nyama waingie kwake kwanza. Ilipojulikana, kambi yote ilimukasirikia na kumucheka mpaka alilia, na nyama yake ilichukuliwa. Hakukuwa polisi wala tribinali. Lakini usiku ule ule mumoja wao alimupelekea chakula, na yeye alirudia kati ya wenzake.

Memba wa koperative anaelewa hadisi hii bila kuelezwa. Mutu mwenye kuuzisha kahawa yake ku mulango wa nyuma wakati wenzake wanangojea bei ya pamoja, yeye pia ameweka wavu mbele.

Kamba ya freni ya kinga

Mutego wa kamba ya pori unaoza. Kama mwenyewe ameusahau, kisha muda mufupi hauna nguvu tena. Kamba ya chuma, ile ya freni ya kinga, haioze haraka. Inabakia pale miezi na miezi, hata kama mwenye aliitega amehama ao amekufa. Bei yake ni ndogo na mutu mumoja anaweza kutega makumi. Akikosa kuzungukia mitego kila siku, nyama wanaoza mule, ao wanakata kamba na kwenda kufa mbali na mguu wenye kidonda. Ile nyama haikulishe mutoto wa mutu yeyote.

Tunajua juu ya nini mitego imeongezeka. Makambi ya zahabu yanataka nyama, pikipiki inafika asubuhi, na makuta ya shule ya watoto yanahitajika. Hatuhukumu mutu mwenye njaa. Lakini mitego 5 ya kulisha nyumba na mitego 100 ya kulisha soko si kazi moja, hata kama kamba ni ile ile.

Iko pia sheria ya Serikali. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga uwindaji mu inchi yetu na inaomba ruhusa ya kuwinda. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe vya asili. Okapi, tembo na sokomutu wanalindwa kabisa: kuwaua ni kosa kubwa, hata kama mutu alikuwa anatafuta mboloko. Reserve ya Okapi, yenye iliundwa mwaka 1992, iko na sehemu zenye uwindaji wa kujilisha unavumiliwa na sehemu zenye umekatazwa kabisa. Muulize shefu wenu na walinzi wa ICCN mupaka unapita wapi, mbele ya kutega. Ukikuta okapi muzima mu kamba, usimukaribie peke yako, uite walinzi.

Kama mboloko anakula maharagi yako

Hapa njo kazi yetu. Mboloko hapendi kubakia pahali pa wazi. Anatoka mu majani, anakula, anarudi. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni urefu wa mupaka kati ya shamba na pori.

Tuchukue memba 4, kila mumoja na shamba la mita 50 kwa 50, kila mumoja peke yake mu pori. Kila shamba lina mita 200 za kulinda; yote pamoja ni mita 800. Wakiunganisha mashamba yao kuwa moja la mita 100 kwa 100, ni hektari moja ile ile, lakini mupaka ni mita 400 tu. Kazi ya kulinda imekatwa nusu bila kutosha faranga.

Kisha hapo:

- Mufyeke njia ya mita 5 hivi kuzunguka shamba, na muiache safi.
- Maharagi na karanga vikae katikati. Muhogo muchungu ukae kando ya pori.
- Mulinde kwa zamu mu wiki za kwanza kisha maharagi kutoka mu udongo, sababu ile wakati majani laini yanavuta nyama.
- Kama muko na miti, mujenge lupango ya kukaza, bila nafasi ya chini. Mboloko ni mudogo, anapita kwenye mbwa anapita.

Juu ya nyama ya chungu, dende na sungura havihitaji faranga mingi. Dende anabeba mimba kama miezi 2 na anakula majani ya jikoni. Haitakuwa utamu wa pori, tunajua. Lakini inakuwa pale siku mutego uko mutupu.

Nyama ya kuokota hapana

Wote tunakumbuka Ebola ya 2018 mpaka 2020 mu Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mu Gabon na Congo-Brazzaville, mwanzoni mwa miaka ya 2000, virusi ya Ebola ilikutwa mu mizoga ya masokwe na ya nyama wa jamaa ya mboloko mu pori. Nyama mwenye unakuta amekufa, ao mwenye anayumba sawa mugonjwa, usimuguse, usimukate, usimupe mbwa. Ujulishe kituo cha afya. Watoto wajue hii pia, sababu mara mingi wao njo wanaokota.

Ya kuzungumuza mu mukutano

Tunaomba kila koperative iulize maswali matatu na iandike majibu mu kitabu cha mikutano. Nani ametega kamba za chuma zenye hatazami tena, na siku gani tutaenda kuzitosha pamoja? Mashamba ya nani yanaweza kuunganishwa musimu wenye unakuja? Na nyama mwenye amekamatwa mu shamba la pamoja, atagawanywa namna gani? Mualike Wambuti wenye munapakana nao mu ule mukutano. Juu ya swali la tatu, wao wako na majibu tangu zamani.