Shemeji Naye Anataka Kazi!

Ukiolewa, hujaolewa na mwanamume peke yake. Umeolewa na mama mkwe, mawifi na madeni ya ukoo. Kwa upande wangu kuna na mdogo wa mume wangu, kijana wa miaka 24 mwenye ulemavu wa akili. Tunaishi naye Tabata. Anafua kuniliko mimi, anapiga pasi, na makonda wote wa kituo chetu anawajua kwa majina. Ila kusoma ni kwa shida, na hesabu za chenji zinampiga chenga.

Kilichokuwa kinatugombanisha mimi na mume wangu si yeye. Ni swali moja tu: atakaa kibarazani mpaka lini? Mwenzangu akilisikia, anaona namfukuzia ndugu yake. Basi asubuhi moja kijana mwenyewe akatumalizia ubishi: "Shemeji, na mimi nataka kwenda kazini."

Tukaanza kuzunguka maofisini. Kama nawe una ndugu, mtoto au mchumba mwenye ndugu wa hivi, shika kalamu.

Sheria ipo

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kampuni ya watu 100, hao ni watatu. Tatizo ni kwamba mabosi wengi wakisikia ulemavu, picha inayowajia ni kiti cha magurudumu. Wewe unayesoma hapa ukiwa ofisi ya utumishi, hebu fikiria: ni kazi gani hapo kwenu inayotaka umakini na kurudia jambo lile lile, bila maandishi mengi? Hiyo inaweza kuwa yake.

Anza na Ustawi wa Jamii

Usikimbilie kwa mjomba anayefahamiana na meneja. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, na mtangulize muhusika mwenyewe, aulizwe yeye. Beba kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na maelezo ya daktari. Utaambiwa njoo kesho. Nenda hiyo kesho.

Ulizia pia vyuo vya serikali vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama kile cha Yombo hapa Dar na cha Singida. Uliza wazi ni fani ipi itamfaa mwenye ulemavu wa akili, maana ulemavu haufanani.

Ile asilimia 2

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mpya, kwa hiyo usitegemee masharti uliyosimuliwa zamani. Muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Hapa ndipo tulipokwaruzana. Mume wangu alitaka tuombe kwa jina la mdogo wake, tufungue duka la vinywaji, "sisi tutalisimamia". Nikamuuliza, hilo duka ni lake au lako? Akaninunia siku mbili. Lakini mkopo si sadaka, unarudishwa, na anayedaiwa ni mwenye jina. Kijana alitaka kazi, siyo deni.

Wiki ya kwanza ndiyo mtihani

Kwa barua ya ustawi tulibisha hodi sehemu nne. Tatu zilituambia "tutawapigia". Ya nne, kiwanda kidogo cha mikate, ikampa nafasi ya kufungasha. Mume wangu alichukua likizo ya wiki nzima, akapanda naye daladala kila alfajiri, akasimama pembeni akimwelekeza. Tulimchorea hatua za kazi kwa picha, zikabandikwa ukutani. Msimamizi tulimwomba jambo moja: amwambie kitu kimoja kwa wakati mmoja. Halikumgharimu hata senti.

Mshahara ni wa nani?

Ni wake. Msaidieni kuhesabu, msimsaidie kutumia. Wa kwetu anachangia umeme, na mwezi uliopita kamnunulia mama yake kanga. Mama mkwe hajaivaa bado, anaionyesha wageni.

Nanyi mnaopanga harusi, mkishamaliza kujadili ukumbi na keki, ulizaneni na hili: kwenu kuna nani anayehitaji mtu wa kumshika mkono, na tutamshika vipi? Jibuni kabla ya pete.