Mbwa Wako Ana Uvimbe Unaotoa Damu? Usimfukuze

Mbwa ni mlinzi wa boma. Fisi akisogea zizini usiku, mbwa hubweka. Mahindi yakikomaa, mbwa huwafukuza ngedere na nguruwe pori. Lakini mbwa huyo huyo akiota uvimbe unaonuka, mara nyingi hufukuzwa kwa mawe. Wengine husema amerogwa. Wengine husema ana kaswende, na kwamba ataiambukiza nyumba nzima. Hayo si kweli.

Uvimbe huo ni aina ya saratani, ambayo wengi huiita kansa. Huonekana zaidi mahali ambapo mbwa huzurura ovyo. Huota hasa kwenye sehemu za siri, kwa dume na kwa jike. Pengine huota puani, mdomoni au kwenye ngozi. Huanza kama chunusi nyekundu. Kisha hukua, hujaa vinundu, na hutoa damu ukiguswa kidogo. Kwa jike, watu hudhani ni damu ya joto. Lakini damu ya joto hukoma yenyewe baada ya wiki mbili au tatu. Ikiendelea kudondoka zaidi ya hapo, mtazame vizuri.

Unavyoambukiza

Saratani nyingi haziambukizi. Hii huambukiza, na kwa namna ya ajabu. Hakuna kijidudu kinachoileta. Mbwa wanapopandana, kulambana au kunusana, chembe za uvimbe wenyewe hubanduka na kushika kwa mbwa wa pili. Huko huota, kama pingili ya muhogo iliyohamishiwa shamba jingine. Mwaka 1876 daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alipandikiza kipande cha uvimbe huu kwa mbwa mzima, nao ukaota. Mwaka 2006 wanasayansi wa London walionyesha kwamba uvimbe wa mbwa wa nchi mbalimbali una asili moja: ulitoka kwa mbwa mmoja aliyeishi zamani sana. Mbwa yule alikufa, lakini uvimbe wake bado unatembea.

Wewe na watoto wako hamwezi kuupata. Ng'ombe, mbuzi na kuku hawaupati pia. Hata hivyo damu na usaha ni uchafu. Ukimhudumia mbwa, nawa mikono kwa sabuni.

Dawa ipo

Usiukate uvimbe kwa wembe. Usiuchome kwa chuma cha moto. Usimpake maji ya betri, oili chafu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa atateseka bure, na pengine atakufa kwa sumu au kwa kutoka damu. Mwite afisa mifugo, au mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo. Yeye atahakikisha kwanza kwamba ni ugonjwa huu, maana si kila uvimbe ni saratani.

Dawa inayotumika sana huitwa vinkristini. Hudungwa ndani ya mshipa wa damu, mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mbwa wengi hupona kabisa. Ikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo asidungwe na mtu asiye na ujuzi. Baada ya sindano moja au mbili uvimbe huanza kunywea na damu hupungua. Hapo ndipo wenye mbwa wengi huacha, wakidhani kazi imekwisha. Usiache mpaka daktari aseme basi. Mizizi ikibaki, uvimbe huota tena.

Katika wiki hizo mfunge mbwa kivulini, kwa kamba ndefu kidogo, karibu na maji. Asikutane na mbwa wengine. Akitapika au akikataa chakula, mpe uji mwepesi wenye dagaa kidogo kidogo, na umwambie daktari. Safisha kidonda kwa maji safi yaliyotiwa chumvi kidogo, ili nzi wasitage mayai humo. Mkojo na mavi yake huwa na dawa kwa siku chache baada ya kila sindano. Vaa mipira ya mikono unapoyazoa, uyafukie mbali na kisima. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Mbwa mwenye maumivu huuma, hata mwenyewe. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Mbwa wako achanjwe kila mwaka.

Akishapona, muulize daktari habari za kumhasi dume au kumfunga kizazi jike. Mbwa asiyefuata wenzake kupandana ni vigumu kuupata tena.

Wako mbwa ambao hawaponi, hasa waliochelewa sana. Kumwacha aoze akiwa hai ni ukatili. Daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano bila maumivu.

Najua gharama ni kikwazo, hasa usafiri wa daktari. Zungumza na majirani. Mbwa wako akiugua, huenda wapo wengine kijijini wenye ugonjwa huo huo. Mwiteni daktari kwa siku moja, mchangie nauli yake, na kila mwenye mbwa mgonjwa amlete akiwa amefungwa kamba.